Kukodi gari la umeme Marekani kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Dallas, na kila kiangazi sikosi mgeni anayenipigia simu akiwa kaunta ya magari pale uwanja wa ndege, sauti chini chini: "Wananipa la umeme. Nichukue?" Majibu ninayowapa ni haya. Mifano yote ni ya Marekani. Ulaya plagi ni nyingine na bei ni nyingine.

## Kabla hujasaini

Sijawahi kuendesha gari la umeme hata siku moja. Kulikodi ni mwanzo mzuri?

Kabla sijakujibu nitakuuliza: utalala wapi? Kama unapolala pana pa kuchomeka, iwe gereji ya mwenyeji wako au hoteli yenye chaja, na mizunguko yako ni ya mjini, lichukue bila wasiwasi. Wewe utalala, gari litakula umeme usiku kucha, asubuhi utaondoka limejaa, na unaweza kumaliza wiki bila kujua vituo vya kuchaji viko wapi. Kama unalala ghorofa ya nne, gari linaegeshwa mtaani, na keshokutwa una safari ya maili 500, waachie.

Wengi wanaorudi wakilalamika, ukiwasikiliza vizuri, wanalisifu gari na kulaani kuchaji. Mwenye gari lake ana chaja ukutani kwake, anachomeka kama anavyochomeka simu. Anayekodi anapewa gari bila ule ukuta. Ndiyo maana swali la kitanda linatangulia swali la gari, na sehemu kubwa ya majibu hapa chini inarudi hapo hapo.

Mbona niliagiza la petroli na wananipa la umeme?

Kwa sababu mara nyingine wanayo mengi uani kuliko wateja wanaoyataka. Oktoba 2021 Hertz, kampuni ya kukodisha magari, walitangaza kuagiza Tesla 100,000, habari ikazunguka dunia nzima. Januari 2024 walitangaza kuuza magari ya umeme kama 20,000, karibu theluthi moja ya yale waliyokuwa nayo. Matengenezo baada ya ajali yaliwagharimu, wateja hawakuyakimbilia kama walivyotarajia, na Tesla walipokuwa wakishusha bei ya magari mapya, thamani ya yale ya zamani ikashuka nayo.

Kwa hiyo ukiambiwa unapandishwa daraja bure, wakati mwingine ni kweli umebahatika, na wakati mwingine ndilo gari lililobaki. Kukataa si kosa. Sema una safari ndefu na huna pa kuchaji, kisha subiri. Mara nyingi Corolla huonekana baada ya dakika kumi.

Leseni yangu ya nyumbani itakubalika?

Masharti ni yale yale ya gari la petroli. Gia zote ni za otomatiki, kwa hiyo aliyezoea klachi apumzishe mguu wa kushoto.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, nichague lipi?

Watu huuliza gari linakwenda umbali gani chaji ikijaa. Swali zuri zaidi ni linachaji kwa kasi gani. Chevrolet Bolt la 2023, kwa mfano, lina kipimo rasmi cha maili 259, kama kilomita 417, na si haba. Lakini kwenye chaja ya kasi halipokei zaidi ya kilowati 55, hata ukiliunganisha na mtambo wa kilowati 350. Utakaa zaidi ya saa nzima. Hyundai Ioniq 5 kwenye mtambo huo huo hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 hivi hali ya hewa ikiwa nzuri.

Kwa mtu wa mara ya kwanza huwa nashauri Tesla, japo binafsi ile skrini yao inayobeba kila kitu hadi mwelekeo wa upepo wa AC inanichosha. Sababu ni vituo vyao: ni vingi, na ukiandika unakokwenda gari lenyewe hukupangia usimame wapi na kwa dakika ngapi.

## Siku ya kwanza barabarani

Linawashwaje? Sioni pa kuingiza ufunguo.

Hapo kila mtu hukwama, na hakuna haja ya kuona haya. Magari mengi yana kitufe: kanyaga breki, bonyeza, weka D. Tesla za kukodi hufunguliwa kwa kadi ndogo kama ya benki, unayoigusisha kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukikaa na kukanyaga breki, gari limeshawaka. Kwenye Model 3 za zamani gia ni kijiti upande wa kulia wa usukani. Kwenye zile zilizobadilishwa sura mwaka 2024 kijiti hakipo, unatelezesha kidole kwenye skrini.

Usisubiri mngurumo. Mjomba wangu alikaa dakika tano maegeshoni akingoja gari liwake, kumbe alikuwa ameliwasha mara tatu na kulizima mara mbili. Kabla ya kutoka getini, kaa hapo hapo utafute vitu vinne: taa, waipa, kuondoa ukungu kwenye kioo, na pa kufungulia kifuniko cha tundu la chaji. Barabara kuu si mahali pa kuvitafutia.

Nikiachia mafuta linajifunga breki. Ni bovu?

Ni zima. (Ndiyo, bado tunasema "kukanyaga mafuta", ingawa mafuta yenyewe hayapo.) Ukiinua mguu, mota inageuka jenereta: inalipunguza gari mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Dereva huzoea baada ya nusu saa, akaanza kuendesha kwa pedali moja na kugusa breki mara chache.

Anayeteseka ni abiria. Ukiachia ghafla, vichwa vyote vinainama mbele, ukikanyaga tena vinarudi nyuma, na aliyekaa kiti cha nyuma anaanza kuomba mfuko. Achia mguu polepole kama unayeweka mtoto aliyelala. Magari mengi pia yana mpangilio wa kupunguza nguvu hiyo. Utafute kabla shangazi hajapanda.

Mvua ikinyesha wakati wa kuchaji, sitapigwa shoti?

Hapana. Umeme haupiti hadi plagi ikae sawasawa na gari na chaja zimalize kuulizana kama kila kitu kiko salama. Ukichomoa, unakatika kwanza. Kuosha gari nako hakuna neno. Kinachotakiwa kuogopwa ni mafuriko, hasa ya maji ya chumvi: baada ya kimbunga Ian cha 2022 huko Florida, magari ya umeme yaliyozama yaliwaka moto siku kadhaa baadaye. Barabara ikifunikwa na maji, geuza, kama ambavyo ungegeuza na gari lolote.

## Kuchaji

Kuchaji kunachukua muda gani?

Inategemea umechomeka wapi. Soketi ya kawaida ya nyumba ya Marekani ni volti 120, nusu ya zile tulizozoea, na inatoa kama kilowati 1.4. Hiyo ni kilomita 5 hadi 8 kwa kila saa. Usiku mmoja wa saa kumi unakupa kilomita 50 hadi 80. Kwa anayekwenda kazini na sokoni zinatosha, kwa mtalii hazitoshi. Chaja ya ukutani ya volti 240 hutoa kilowati 7 hadi 11, na hiyo hulijaza gari ukiwa umelala. Mitambo ya kasi ya barabarani huanzia kilowati 50 na kwenda hadi 350: dakika 20 hadi saa moja na zaidi kufika asilimia 80, kutegemea gari.

Juu ya 80 kasi inashuka sana. Fikiria daladala inayojaza abiria: wa kwanza wanaingia mbio na kukaa popote, wa mwisho wanapenya wakitafuta pa kuweka mguu. Betri nayo hivyo hivyo. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kula muda sawa na ule wa kutoka 10 hadi 80, kwa hiyo safarini chaji hadi 80, ondoka, chaji tena mbele.

Plagi ziko za aina ngapi? Nitajuaje yangu?

Utakutana na nne. J1772 ni ya duara yenye matundu matano, ya kuchaji taratibu. CCS ni hiyo hiyo ikiongezewa matundu mawili makubwa chini, ya kuchaji kwa kasi. NACS ni ile nyembamba ya Tesla, inayofanya kazi zote mbili, na magari mapya ya kampuni nyingine sasa yanatoka nayo. CHAdeMO ni kubwa na nzito, ya Nissan Leaf za zamani hasa, na inazidi kutoweka. Ukipewa Leaf yenye CHAdeMO kwa safari ndefu, kataa.

Fungua kifuniko cha gari hapo kaunta, piga picha ya tundu, muulize mhudumu kama kuna adapta kwenye buti. Tangu 2024 vituo vingi vya Tesla hupokea magari ya kampuni nyingine, kuanzia na Ford, lakini lenye tundu la CCS linahitaji adapta, na siyo kila kituo kimefunguliwa. Programu ya Tesla kwenye simu itakuonyesha vipi vinakukubali.

Nalipaje kama simu na kadi yangu ni za nyumbani?

Hapa ndipo wageni wanapoumia. Kila mtandao wa chaja una programu yake, na nyingine zinataka namba ya simu ya Marekani au ZIP kodi (namba ya posta ya Marekani) inayolingana na kadi. Kadi ya Dar au Nairobi haina ZIP. Pakua programu mbili tatu na kusajili kadi ukiwa bado kwenye waifai ya nyumbani, siyo saa nne usiku kando ya barabara na chaji asilimia 9. Zipendelee chaja zenye alama ya kugusisha kadi: zilizojengwa kwa fedha za serikali kuu zinalazimika, kwa kanuni ya 2023, kupokea kadi ya kugusa bila kukudai uanachama.

Ukikodi Tesla na kuchaji kwenye vituo vya Tesla, kwa kawaida unachomeka tu na bili inapitia kwa aliyekukodisha. Muulize kama anaongeza ada yake juu.

Ukimaliza kuchaji, ondoa gari. Tesla hutoza hadi dola 1 kwa dakika kwa gari lililojaa na bado limeziba nafasi kituo kikiwa kimejaa. Ukienda kula, weka kengele.

Ni rahisi kuliko petroli?

Nyumbani ndiyo, barabarani mara nyingi hapana. Gari la wastani hula yuniti 17 hivi kwa kilomita 100. Kwa bei ya nyumbani ya senti 17 kwa yuniti, hizo ni kama dola 3. Kwenye mtambo wa kasi yuniti huwa senti 40 hadi 60, kwa hiyo ni dola 7 hadi 10. Corolla kwa umbali huo hula lita 7, kama dola 5 hadi 6 mafuta ya Texas yakiwa katika bei ya kawaida. Anayekuambia utaokoa hela anahesabu kwa bei ya nyumbani kwake. Na hapo tunarudi kwenye swali la kwanza: utalala wapi?

## Safari ndefu na baridi

Naweza kwenda nalo mji mwingine?

Unaweza, ila usiamini namba ya kwenye tangazo. Mwendo wa maili 75 kwa saa, upepo wa mbele na hita vinakata kipande kizuri. Panga usimame chaji ikiwa asilimia 20, siyo 5, na kila kituo unachopanga kiwe na kingine cha akiba nyuma yake.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Houston hadi Dallas kwa I-45, maili 240, Desemba, upepo wa kaskazini ukitupiga usoni. Niliondoka na asilimia 86, nikifuata mwendo wa malori. Baada ya saa moja nikaona asilimia inashuka haraka kuliko maili. Nikazima hita, watoto wakavaa makoti na kofia ndani ya gari, mke wangu akanyamaza ule unyamavu wake. Tulifika kituoni na asilimia 6. Chaja zilikuwa nne. Moja skrini nyeusi, mbili zina magari, na ya nne ilikuwa na mama mmoja aliyefikia 84 akisubiri 100. Nilimwendea, nikamwomba kwa adabu. Aliangalia watoto, akaangalia namba yangu, akachomoa.

Laiti ningepunguza mwendo hadi maili 65, nisingehitaji huruma yake.

Baridi inafanya nini hasa?

Kwenye nyuzi sifuri tarajia kupoteza robo ya umbali hivi, na baridi ikizidi unapoteza zaidi. Betri yenyewe inazubaa, na hita inakula umeme ambao kwenye gari la petroli ungekuwa joto la bure la injini. Pasha kiti na usukani badala ya hewa yote. Vinatumia kidogo sana.

Baya zaidi ni kwamba betri ya baridi haipokei chaji haraka. Januari 2024, Chicago ikiwa chini ya nyuzi 18 hasi, Tesla zilipanga foleni vituoni, nyingine zikaishiwa chaji zikiwa kwenye mstari. Dawa yake ipo: unaandika kituo cha chaji kwenye ramani ya gari, nalo linaanza kuipasha betri njiani ili ifike ikiwa tayari. Mgeni anayefuata ramani ya simu hapati huduma hiyo. Mwezi wa kwanza, kaskazini, bila pa kuchaji usiku: chukua petroli.

Chaji ikiisha kabisa?

Gari halizimiki ghafla. Kwanza linakuonya mara nyingi, halafu linapunguza nguvu (mengine huwasha picha ya kobe), halafu ndipo linasimama. Hakuna wa kukuletea kidumu. Litabebwa juu ya lori la kitanda. Usikubali livutwe magurudumu yakiwa yanazunguka, mota itaharibika. Gharama mara nyingi ni yako, kwa hiyo soma kwenye mkataba kama msaada wa barabarani unahusisha kuishiwa chaji.

## Kurudisha

Nirudishe na chaji kiasi gani?

Mikataba inatofautiana mno. Mmoja unataka asilimia ile ile uliyokabidhiwa, mwingine kiwango maalumu kama 70 au 80, mwingine unakuuzia chaji mapema ili urudishe vyovyote. Vyovyote iwavyo, piga picha ya dashibodi unapochukua na unaporudisha. Mimi niliwahi kutozwa ada ya chaji wiki mbili baada ya kurudisha gari likiwa na 81. Picha yenye saa na tarehe ndiyo iliyonirudishia pesa.

Ukiwa na ndege ya alfajiri, usiiamini chaja ya karibu na uwanja. Chaji usiku uliotangulia.

Kebo na adapta?

Hesabu unapopewa, hesabu unaporudisha. Adapta ya CCS ni ndogo, ni rahisi kuisahau ikining'inia kwenye chaja, na utalipishwa.

Bima ichukuliwe?

Kwa gari la umeme napendelea ndiyo, kwa sababu matengenezo ndiyo yaliyowaumiza hata wakodishaji wenyewe (rudi kwenye jibu la Hertz). Kabla ya hapo uliza benki kama kadi yako ya mkopo inabeba bima ya magari ya kukodi, na kama inatenga magari ya thamani kubwa.

## Maswali ya pembeni

Nikilipenda, itanisaidia kuamua kununua nyumbani?

Itakufundisha kuendesha, kumiliki ni habari nyingine. Cha kuchekesha ni kwamba soketi ya kwa bibi Moshi inaishinda ya gereji yangu hapa: volti 230 na ampea 10 ni kilowati 2.3, siyo 1.4. Kenya kuna bei maalumu ya umeme wa magari tangu 2023, na usiku ni nafuu zaidi. Lakini plagi za kasi za Marekani, CCS yao na NACS, ni shida kuzikuta: Leaf zilizotumika kutoka Japani zina CHAdeMO, na mengi ya Kichina yana tundu la kwao au la Ulaya. Angalia pia umeme wako unakatika mara ngapi kwa wiki.

Mwenyeji wangu anasema nichaji kwake. Natumia ekstensheni?

Ile nyembamba ya feni, hapana. Gari linavuta mkondo mkubwa kwa saa kumi mfululizo, na waya mwembamba unapata moto hadi plagi inayeyuka. Chomeka kebo ya gari moja kwa moja ukutani. Baada ya nusu saa shika plagi: vuguvugu ni kawaida, ikikuunguza chomoa. Uliza pia kaunta kama gari lina kebo ya nyumbani, maana mengi ya kukodi hayana.

Na umeme wake, nimlipe?

Usiku mmoja kwenye soketi ya kawaida ni yuniti 14, kama dola 2 na nusu. Kwenye chaja ya ukutani, ukijaza kutoka karibu tupu, ni yuniti 50 au 60, chini ya dola 11. Ukimpa pesa atakataa na pengine atakasirika. Siku ya kuondoka pitia duka la Kihindi, mnunulie mfuko wa mchele, umwachie jikoni.